Bia ya Shayiri katika Sherehe ya Bibi Hanna

Katika mji mdogo wa Forchheim, jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, kila mwisho wa Julai watu hukusanyika msituni kunywa bia inayopikwa na viwanda vya mji huo huo. Sherehe hiyo, Annafest, ina jina la Ana, ambaye Wakatoliki humkumbuka tarehe 26 Julai. Ndiye mama yake Bibi Maryam. Wafasiri wetu humwita Hanna, mke wa Imran. Zamani waliotoka kuzuru kanisa lake walipumzika penye vyumba vilivyochimbwa mlimani ili bia isipate joto. Leo, ajabu ya historia, vyumba vina umaarufu kuliko ziara.

Kijana wa Kiislamu anayesoma huko huweza kuuliza: bia si ya zabibu, je, ni khamri? Suala si geni. Abu Musa al-Ash'ari alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mizr, kinywaji cha shayiri cha Yemen, akajibiwa kuwa kila kileweshacho ni haramu. Imamu Abu Hanifa alitofautisha vinywaji vya nafaka na mvinyo wa zabibu, lakini mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan (aliyefariki 189 H) alikataza kichache na kingi, na fatwa ya Mahanafi ikasimama juu ya kauli yake. Sisi Mashafi hatuna mjadala hapo.

Zito zaidi ni kibarua cha kupeleka bia mezani. Abu Hanifa aliruhusu ujira wa kumbebea pombe asiye Mwislamu. Wanafunzi wake wawili wakauchukia. Nasi twaona kauli yao ina nguvu, kwani hadithi ya laana inamtaja mbebaji na mnyweshaji pamoja na mnywaji, ingawa kijana hakuonja hata tone.