TAKA ZA KRISMASI NI MBOLEA YA MASIKA

Sikukuu za Krismasi na Mwaka Mpya zikiisha kupita, nyumba nyingi katika Kenya hubaki na mambo mawili: mfuko mtupu na jaa lenye kufurika. Juu ya mfuko mtupu watu husema mengi, kwa kuwa Januari ni mwezi wa karo za shule. Juu ya jaa hawasemi neno. Mtoto hutumwa alitie moto, na habari ikaishia hapo. Walakini mambo hayo mawili ni ndugu, maana mara nyingi kile kinachochomwa ni fedha ya mwenye nyumba.

Yafaa kulitazama jaa hilo kwa makini. Humo mna maganda ya ndizi na viazi, majani ya sukuma wiki, manyoya ya kuku na majivu ya jiko. Mna chupa, mikebe na makaratasi. Kisha mna plastiki za kila namna. Katika miji ya Kenya, vitu vinavyooza huwa zaidi ya nusu ya takataka zote za nyumbani, na katika mashamba hupita kiasi hicho. Kila kitu kina njia yake na faida yake. Kosa ni kuvichanganya. Ganda la ndizi lenye vipande vya kioo ndani yake haliwezi kutiwa shambani, na karatasi iliyolowa mchuzi hainunuliwi na mtu.

LUNDO LA JANUARI

Mkulima mwenye busara huanza na vitu vinavyooza, tena huanza mara moja. Mboji huchukua muda wa miezi mitatu hivi kuiva. Basi lundo lililojengwa katika juma la kwanza la Januari huwa tayari mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, wakati mvua za masika zinapofika na mahindi yanapopandwa. Anayengoja hadi Machi ndipo aanze, amekwisha kuchelewa.

Kazi yenyewe si ngumu. Huchaguliwa mahali penye kivuli, upana wa futi nne, na ardhi hulimwa kidogo ili hewa na maji vipite. Chini hutandazwa mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, ambayo hupatikana kwa wingi baada ya mavuno. Juu yake huwekwa maganda na majani mabichi ya jikoni, kisha samadi, kisha majivu kidogo, kisha udongo wa juu wa shamba. Kila tabaka hunyunyiziwa maji. Matabaka hayo hurudiwa hata lundo lifike urefu wa futi nne au tano. Januari na Februari ni miezi ya jua kali, kwa hiyo lundo hufunikwa kwa majani ya mgomba lisikauke. Nyama na mifupa haifai kutiwa humo, maana huita mbwa na panya.

Fimbo ndefu huchomekwa katikati kwa mshazari. Baada ya siku chache ikichomolewa ikawa na joto na unyevu, kazi yaendelea vema. Ikiwa kavu, maji yaongezwe. Ikiwa baridi, huenda samadi haikutosha. Baada ya majuma matatu lundo hupinduliwa, na baada ya matatu mengine hupinduliwa tena. Likiwa jeusi na kunuka kama udongo wa msituni, limeiva.

Karani akaaye mjini bila shamba naye ana njia. Maganda yake yaweza kupewa jirani mfugaji, au kutiwa katika gunia la udongo la kupandia mboga mlangoni.

CHUPA NA MIKEBE

Chupa za kioo za soda na bia hurudishwa dukani pamoja na kreti zake, na fedha iliyowekwa kwa ajili yake ikarudi mkononi. Vyuma na mikebe ina wanunuzi wake. Kule Kamukunji, Nairobi, mafundi hufua mabati na mapipa makuukuu yakawa majiko, makarai na masanduku ya wanafunzi. Chupa ya plastiki yenye kifuniko, ikioshwa na kukaushwa vizuri, hufaa kuhifadhi mbegu za maharagwe. Betri za tochi ziwekwe mbali na mboji na choo pia, kwani zina sumu.

PLASTIKI ILIYOBAKI

Tarehe 28 Agosti 2017 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Hata hivyo chupa za maji na pakiti za vyakula hazikukoma. Wakati wa Krismasi, wafanyakazi wa mjini huzipeleka kwao mashambani pamoja na zawadi, mahali ambapo hakuna lori la kuzoa taka. Zikichomwa, moshi wake hudhuru vifua vya watoto. Zikitupwa, ng'ombe huzila zikamziba tumbo, na mwenye mali akapoteza mnyama kwa ajili ya kitu kisicho na thamani.

Mjini nako mambo si mepesi. Jaa la Dandora, lililoanza kutumiwa miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado malori yaliendelea kumwaga. Liko karibu na Mto Nairobi, nao huingia Mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana na kisha Sabaki, ukafika baharini karibu na Malindi. Kilichotupwa barani chaweza kumfikia mvuvi wa pwani. Huko Lamu, mafundi walijenga jahazi kwa plastiki na ndala zilizookotwa, likashushwa majini mwaka 2018. Ni kazi ya kusifiwa, lakini bahari haiwezi kusafishwa kwa majahazi peke yake. Dawa ni kununua plastiki chache: kwenda sokoni na kiondo, na kupima mchele na sukari katika chombo cha nyumbani.

Sheria ya taka ya mwaka 2022 yaagiza vitu vinavyooza vitengwe na visivyooza. Lakini hata pasipo sheria, kazi hii haihitaji mkopo wala mashine. Yahitaji vyombo vitatu jikoni na watoto waliofundishwa kipi kiende wapi. Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Sikukuu ni msala upitao. Shamba ndilo mbachao, nalo lina njaa.