Bafle Inayocheza Ni Hatari



Siku ya mazoezi ya kwaya, bafle moja kubwa ya salle yetu ilianguka. Iliangukia benchi ambapo wadogo zetu wa mwaka wa kwanza waliketi dakika chache kabla. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Lakini kosa lilikuwa letu sisi makapita. Tuliona bafle inacheza, tukatia karatoni chini yake, tukasema: "Iko sawa." Haikuwa sawa. Basi tumepima, tumemwuliza mwalimu wa fizika, na leo tunawaelezea.

Kwa nini ilianguka? Bafle ile iko na urefu wa sm 110, upana wa sm 30, uzito wa kilo 30. Fanyeni hesabu: 30 × 15 ÷ 110, maana 15 ni nusu ya upana. Mtapata 4 hivi. Ni kusema hata ikisimama vizuri, mtu akiisukuma kwa juu na nguvu ya kilo 4 tu, inaanguka. Mtoto mdogo anaweza. Tena sima ya salle yetu iko na mabonde. Bonde la milimeta 5 chini ya upande mmoja linapeleka kichwa cha bafle karibu milimeta 18.

Na muziki wenyewe unasukuma. Kamba nene ya gitaa ya bass inatikisika mara 41 kwa sekunde moja. Kila mara bafle inaposukuma hewa mbele, sanduku nalo linasukumwa nyuma. Karatoni inasinyaa, bafle inaanza kutembea polepole.

Wengine walisema: tuweke miguu mitatu, sawa mafiga ya jikoni, hayachezi hata mahali pabaya. Ni kweli haichezi, lakini inaanguka upesi upande usio na mguu. Afazali minne, lakini yote iguse chini.

Tulifanya hivi:

1. Tulimimina kibao cha sima, sm 50 kwa 50, unene sm 4, uzito karibu kilo 23. Tuliacha bulo 4 ndani. Tulikimwagia maji siku 7, kisha tukafunga bafle juu yake.

2. Tulikata vipande 4 vya mpira wa gari kuukuu, tukaviweka chini ya pembe. Mpira unazuia sima kugonga sima, tena bafle haitelezi.

3. Tulipitisha karatasi chini ya kila pembe. Palipopita, tuliongeza mpira wa ndani wa kinga, kipande kwa kipande, mpaka karatasi ikakataa. Hapana kutia karatoni, wala kitabu cha nyimbo!

4. Mguu wa mikro tuliuweka mbali na kibao, usipokee mtikisiko.

Sasa hesabu ni 53 × 25 ÷ 114: zaidi ya kilo 11. Na sauti ya bass imekuwa safi, ile kelele ya kugongagonga imekwisha. Madirisha yangali yanalia, kwa kuwa sauti inayafikia kwa njia ya hewa. Mpira hauwezi kitu pale.

Wadogo zetu, mkiona kitu kinacheza, mwambieni kapita. Kapita akisema "iko sawa" bila kuinama na kutazama, mwendee mwalimu. Hatutakasirika.

Ni sisi makapita wa mwaka wa sita.