Mguu wa Mwanadamu: Mifupa 30 Ichukuayo Mwili

Mtu hutembea tangu asubuhi hata jioni bila kuifikiri miguu yake. Huenda shambani, huenda sokoni, hupanda kilima na kushuka, nayo humtii kimya kama mtumishi mwema. Siku ateguapo kifundo, au mtoto wake azaliwapo na wayo uliopinda, ndipo aulizapo mguu umeundwaje. Yafaa swali hilo liulizwe mapema, kwani mwenye kuujua mguu huweza kuuokoa.

Kila mguu, tangu paja hata ncha za vidole, una mifupa 30. Paja lina mfupa mmoja. Mbele ya goti mna mfupa mdogo uitwao pia ya goti. Chini ya goti mna mifupa miwili. Na wayo peke yake una mifupa 26. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206. Basi nyayo mbili zina 52, yaani robo ya mifupa yote.

PAJA NA NYONGA

Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kupita mifupa yote, na urefu wake ni kama robo ya kimo cha mwenyewe. Kichwa chake ni cha mviringo kama mpira, nacho huingia katika kikombe cha mfupa wa nyonga. Kwa hiyo paja huweza kwenda mbele, nyuma na kando, tena huweza kuzunguka.

Msuli wa tako ndio mkubwa kuliko misuli yote mwilini, nao humwinua mtu aondokapo kitini au apandapo mlima. Mbele ya paja mna misuli minne iliyoungana katika kano moja, nayo ndiyo inyoshayo goti.

Chini ya msuli wa tako hupita mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote, ukishuka nyuma ya paja. Ndiyo sababu mganga aliyefundishwa, achomapo sindano ya tako, huchagua sehemu ya juu iliyo upande wa nje. Sindano ichomwayo pasipofaa huweza kuujeruhi mshipa huo, na mguu ukapooza. Mzazi ampelekaye mtoto wake kwa mtu asiye na ujuzi huo humtia katika hatari kubwa.

GOTI

Goti ni kama bawaba ya mlango, walakini bawaba hii ina kazi ngumu. Ncha za mifupa ikutanayo hapo hazilingani vema, kwa hiyo kati yake mna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo hupokea kishindo cha kila hatua. Kamba nne ngumu huifunga mifupa hiyo: mbili ziko kando, na mbili hupishana ndani kama msalaba. Mchezaji wa mpira akandamizaye wayo chini na kuzungusha mwili kwa ghafula huweza kuikata moja ya zile zipishanazo, hata kama hakuguswa na mtu.

MUUNDI NA KIGIMBI

Chini ya goti, mfupa mnene ndio wa muundi, nao huchukua karibu uzito wote. Ule mwembamba ulio upande wa nje huchukua uzito kidogo tu, lakini ncha yake ya chini ndiyo nundu ya nje ya kifundo. Mbele ya muundi hapana nyama, ila ngozi tu. Hii ndiyo sababu mtu ajikwaaye hapo huumia sana, na mfupa huo ukivunjika mara nyingi hutoboa ngozi na kutokea nje.

Nyuma mna kigimbi, ambacho hushuka na kuwa kano kubwa la kisigino, lililo nene na lenye nguvu kuliko makano yote ya mwili. Kigimbi kina kazi nyingine isiyojulikana na wengi: kila kikazapo huisukuma damu ipande kurudi moyoni. Askari asimamaye wima saa nyingi bila kutikisika huweza kuzimia, kwa kuwa damu imekusanyika miguuni na kigimbi hakikuisukuma.

WAYO NA USHAHIDI WA KALE

Mtu akikanyaga sakafu kwa wayo wenye maji ataona alama ya kisigino, ya ukingo wa nje, na ya mbele kwenye vidole. Mahali pa katikati upande wa ndani aghalabu patabaki pakavu. Hapo ndipo palipo na upinde wa wayo. Upinde huo hushuka kidogo mtu akanyagapo, kisha huruka juu kama springi na kumsukuma mbele.

Umbo hili ni la kale sana. Mwaka wa 1978, huko Laetoli katika Tanzania, watu wa msafara wa Bibi Mary Leakey waliona alama za nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Kidole gumba chao kilielekea mbele pamoja na vingine, wala hakikutengwa kando kama kile cha sokwe. Na mwaka wa 1984 Bwana Kamoya Kimeu alivumbua huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, mabaki ya mvulana wa kale aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, mwenye miguu mirefu inayofanana na ya watu wa leo.

MTOTO MWENYE WAYO ULIOPINDA

Katika kila watoto elfu wazaliwao, mmoja hivi huwa na wayo uliopinda ndani na kuelekea chini, nao ni wavulana zaidi kuliko wasichana. Wako wazee wasemao ya kuwa ni laana, au kwamba mama alivunja mwiko. Maneno hayo hayana msingi, tena huleta madhara, kwani mtoto hufichwa ndani mpaka mifupa imekuwa migumu.

Mifupa ya wayo wa mtoto mchanga ni gegedu kwa sehemu kubwa, nayo hukubali kunyoshwa. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa katika Marekani, alitumia jambo hilo kutengeneza njia ambayo leo hutumika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Kila juma daktari huunyosha wayo kidogo kwa mkono, kisha huufunga kwa plasta kuanzia vidoleni hata pajani. Baada ya plasta tano, sita au saba, wayo huwa umenyoka. Mara nyingi kano la kisigino huwa fupi mno, basi hukatwa kidogo, nalo huota tena kwa muda wa majuma matatu hivi.

Hapo kazi haijaisha. Mtoto huvikwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa fimbo, karibu mchana kutwa na usiku kucha kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu mpaka apate umri wa miaka minne hivi. Mzazi amwoneaye mtoto huruma na kumvua viatu hivyo kabla ya wakati hamsaidii hata kidogo, kwani wayo huweza kupinda tena.

Jambo kubwa ni kutokawia. Mtoto apelekwe hospitali katika majuma ya kwanza ya maisha yake, pasipo aibu. Plasta na viatu ni taabu ya miaka michache. Wayo ulioachwa umepinda ni taabu ya maisha. Mtoto aliyetunzwa hivyo huweza kukua, akatembea kwenda shule na kucheza mpira, hata jirani wasijue ni mguu upi uliokuwa umepinda.