Mwosha Huoshwa: Tuitwapo Kuhudumu Tusijifiche Nyuma ya Udhuru

Tunaijua sote hali hii. Msiba umetokea usiku, na ilipofika asubuhi nyumba imejaa watu. Wanaume wamekwenda kuchimba kaburi, sanda imenunuliwa, maji yametekwa, na uani pazia la kanga limekwisha fungwa. Marehemu ni mwanamke, na imekubaliwa azikwe baada ya sala ya Adhuhuri. Saa nne inapita, saa tano inaingia, na josho halijaanza. Bibi aliyezoea kuwaosha wanawake wa mtaa ule naye ni mgonjwa, hawezi kuinuka kitandani. Mwingine anayeijua kazi hiyo yuko safarini. Ndani wamekaa kina mama wengi, miongoni mwao waliosoma madrasa miaka mingi na waliohitimu vyuo vikuu. Shangazi mkubwa anauliza: "Jamani, nani ataingia tumsitiri mwenzetu?" Kila mmoja anautazama mkeka.

Kisha nyudhuru zinaanza kutolewa, moja baada ya nyingine. "Shangazi, mimi naogopa maiti tangu utotoni." "Mimi sijawahi, nitakosea." "Kazi hiyo inataka watu wa ibada, na mimi najijua nilivyo." "Nina mtoto mchanga." "Wapo wanaojua zaidi, waitwe wao." Mwisho inapigwa simu mtaa wa tatu, na mtu asiyemjua marehemu hata kwa jina anakuja kulitenda lile ambalo binti, dada na wifi wamelishindwa.

Hatulitaji hili kwa kumcheka mtu. Wengi wetu tumewahi kukaa mle ndani, tukautazama mkeka vilevile. Tunalitaja kwa kuwa nyudhuru zile si za chumba cha msiba peke yake. Ndizo tunazozitoa tunapoombwa kusomesha watoto madrasa, kuwatembelea wagonjwa, kusimamia mali ya yatima au kusuluhisha ndugu waliogombana. Chumbani mle zinaonekana wazi zaidi, kwa sababu maiti hawezi kungoja mpaka tujiamini.

Wito hutujiaje?

Wapo wanaodhani kwamba kuitwa na Mwenyezi Mungu (SW) ni jambo la Mitume pekee. Ni kweli kuwa wahyi umekatika kwa kufariki Mtume Muhammad (SAW), wala hatungojei sauti itokayo mtini. Lakini wito haukukatika. Kwetu sisi huja kwa wajibu ambao dini imekwisha kuubainisha, na kwa haja iliyosimama mlangoni petu. Kumwosha maiti wa Kiislamu, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya. Wakisimama baadhi ya Waislamu wakaitekeleza, wengine huondokewa na dhima. Wakiiacha wote, hupata dhambi kila aliyejua na akaweza. Basi neno "wapo wengine" lina haki pale tu ambapo hao wengine wapo kweli. Siku wasipokuwepo, fardhi ile inatuangukia sisi tuliomo chumbani.

Udhuru wa Nabii Musa

Hatuna mfano bora wa kutazama katika jambo hili kuliko Nabii Musa (AS). Alikuwa safarini na ahali zake, akaona moto upande wa mlima, akaenda kutafuta habari au kijinga cha kuwapasha joto. Huko, katika bonde takatifu la Tuwa, akaitwa na Mola wake, akaamrishwa aende kwa Firauni. Qur'ani Tukufu haikutuficha alivyojibu. Katika Surat Ash-Shu'araa na Surat Al-Qasas tunasoma kuwa alitaja hofu ya kukadhibishwa, kifua chake kubana na ulimi wake kutokunjuka. Tena akataja kwamba aliwahi kumwua mtu wa kaumu ile, naye anachelea wasije wakamwua.

Tuzingatie mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba nyudhuru zile zilikuwa za kweli. Musa (AS) hakubuni. Mtu alikufa kwa pigo lake, Firauni alikuwa jabari, na ulimi ulikuwa na fundo. Mwenyezi Mungu hakumwambia kuwa hayo si kitu, wala hakumsifu kwa uhodari asiokuwa nao. Alimhakikishia kwamba atakuwa pamoja naye, akisikia na kuona.

La pili ni namna Musa (AS) alivyoutumia udhuru wake. Katika Surat Taha tunamwona akiugeuza kuwa dua. Kifua kinabana, akaomba kikunjuliwe. Jambo ni zito, akaomba lifanywe jepesi. Ulimi una fundo, akaomba lifunguliwe. Yuko peke yake, akaomba apewe msaidizi katika watu wake, ndugu yake Harun, aliyemzidi ufasaha, ashirikiane naye katika kazi ile. Hakumtaka Harun ili yeye abaki nyumbani. Naye Mola wake akamjibu kwamba amepewa aliyoyaomba.

Hapo ndipo penye somo letu. Mtu anaweza kusema, "Siwezi, basi niacheni", na anaweza kusema, "Siwezi, basi nisaidieni." Udhaifu ni ule ule, ila wa kwanza anautumia kuufunga mlango, na wa pili anautumia kuomba. Tena tusidhani kwamba dua ile ilimwondolea Musa (AS) kila taabu. Baadaye Firauni alimdharau mbele ya watu wake kuwa ni mtu asiyeweza hata kujieleza vizuri, kama ilivyo katika Surat Az-Zukhruf. Dharau ile haikuisimamisha kazi.

Mizani ya udhuru

Je, kila atoaye udhuru ni mwongo? Hasha. Dini yetu inazitambua nyudhuru, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Mwaka wa 9 Hijria, Mtume (SAW) alipowatangazia watu safari ya Tabuk, joto lilikuwa kali na njia ndefu. Wanafiki wakaambiana wasitoke katika joto lile. Walikuwapo pia masikini waliomwendea Mtume (SAW) kuomba vipando. Aliposema hana cha kuwapandisha, walirudi macho yao yakibubujika machozi kwa huzuni ya kukosa cha kutoa. Makundi yote mawili yalibaki Madina, na Surat At-Tawba imeyataja yote mawili. Udhuru wa kweli humwumiza mwenyewe. Wa uongo humpumzisha.

Na kuna wa tatu, ambaye huenda ndiye anayefanana na sisi zaidi. Kaab bin Malik (RA) hakuwa mnafiki wala hakuwa masikini. Amesimulia mwenyewe, katika Hadithi iliyo ndani ya Sahihi Bukhari na Muslim, kwamba hakuwahi kuwa na nguvu na wasaa kama alivyokuwa wakati ule. Alikuwa akitoka kujiandaa, akirudi bila ya kufanya lolote, akijiambia kuwa anaweza kulitenda atakapo, hata jeshi likaondoka. Mtume (SAW) aliporejea, Kaab alikiri kuwa hana udhuru. Yeye na wenzake wawili wakasuswa siku 50, mpaka toba yao ikateremka. Kilichomweka nyuma ni "kesho" tu, ile ile tunayowajibu waandaaji wa mafunzo ya josho kila tunapoalikwa.

"Mimi sijui"

Udhuru wa kutojua dawa yake ni kufunzwa, na hapa tuna mwalimu miongoni mwa wanawake wa Madina, Bibi Ummu Atiyya (RA). Alitoka na Mtume (SAW) katika vita saba, akibaki nyuma kwenye kambi kuwapikia wapiganaji, kuwatibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa. Alipofariki binti wa Mtume, ambaye katika mapokezi ya Imam Muslim anatajwa kuwa ni Zainab (RA), yeye na wanawake wenzake ndio waliomwosha. Mtume (SAW) aliwaingilia akawaelekeza: waoshe kwa idadi ya witiri, mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja; watumie maji na mkunazi; josho la mwisho watie kafuri, ambayo sisi twaiita karafuu maiti; waanzie upande wa kulia na viungo vya udhu; na wakimaliza wamwarifu. Walipomwarifu aliwapa shuka yake, wamvishe binti yake igusane na mwili. Nywele za marehemu wakazisuka mikia mitatu.

Hadithi hiyo imekuwa tegemeo kubwa la wanazuoni katika kuosha maiti mpaka leo. Tuitazame basi hali iliyotokea. Wanawake wale walielekezwa siku ile ile ya msiba, na kazi iko mbele yao. Elimu iliwafikia walipokwisha kukubali kuingia ndani. Lau wangesubiri kujua kila kitu kwanza, nasi leo tungekosa tunachokijua.

"Mimi mwenye dhambi"

Udhuru huu una sura ya unyenyekevu, na kwa hiyo ni mgumu kuukataa. Ni kweli wanazuoni wanataka mwosha awe mwaminifu, kwa kuwa ataona ya mwili wa mwenziwe, naye ni wajibu ayasitiri. Lakini dhambi inataka toba, haitaki mapumziko. Musa (AS) aliomba msamaha kwa lile pigo lake, akasamehewa, kisha akatumwa mji ule ule alioukimbia. Anayengoja aitakase nafsi yake kwanza ndipo ahudumu, atangoja mpaka naye alazwe juu ya kitanda cha kuoshewa. Na Mtume (SAW) ametufundisha kuwa amsitiriye Mwislamu, Mwenyezi Mungu naye atamsitiri. Nani basi mwenye haja zaidi ya sitara hiyo kuliko yule anayezijua aibu zake?

Pamoja na hayo, tuseme haki. Si kila mtu anafaa kwa kila huduma. Abu Dharr (RA) alipoomba apewe uongozi, Mtume (SAW) alimgusa begani akamwambia kuwa yeye ni dhaifu na kwamba uongozi ni amana. Lakini Abu Dharr aliambiwa hivyo baada ya kujitokeza. Hakujihukumu mwenyewe akajificha. Vivyo hivyo, yupo atakayeingia chumbani akazimia. Huyo akate sanda, atwange majani ya mkunazi, ashike pazia, au awalee watoto wa yule aliyeingia. Hiyo ndiyo kazi ya Harun, na Musa hakuweza bila ya Harun.

La kufanya majumbani mwetu

Tunapendekeza mambo machache ambayo familia yoyote inayaweza.

Kwanza, tuketi kama familia, wanaume kwa wanawake, tuulizane bila ya kuoneana haya: akifa mmoja wetu leo, nani atamwosha? Watajwe watu wawili wa kiume na wawili wa kike, wajiandae. Aliye karibu na marehemu ndiye mwenye haki zaidi, naye ndiye amwoneaye huruma zaidi. Mke humwosha mumewe, na kwa kauli ya wanazuoni wengi, akiwemo Imam Shafi, mume naye anaweza kumwosha mkewe.

Pili, tuanze kwa kumwagia maji. Anayeogopa asipewe kazi yote siku ya kwanza. Aingie na bibi mzoefu, ashike kata, atazame jinsi mwili unavyofunikwa muda wote na jinsi tumbo linavyobonyezwa taratibu. Mara ya pili ashike upande wa miguu. Hofu hupungua mikono inapopata kazi.

Tatu, tuwakalishe mabinti na vijana wetu darasani. Sanda ya mwanamume ni shuka tatu. Ya mwanamke ni vipande vitano, yaani shuka ya kiunoni, kanzu, ukaya na mbili za kuzungushia. Haya yanafundishika kwa mchana mmoja msikitini, kwa kitambaa cha mfano.

Nne, kina baba waache kuwa udhuru wa wake zao. Mama anaposema ana mtoto mchanga, mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna wa kumshikia. Mume akimshika mtoto kwa saa mbili, naye ana sehemu katika fardhi ile.

Turudi chumbani tulikoanzia. Shangazi bado anauliza, na mkeka bado unatazamwa. Hatuhitaji kusema kuwa tunaweza. Inatosha mmoja wetu ainuke aseme, "Shangazi, mimi sijui na ninaogopa, lakini nitaingia nawe, unielekeze." Akiinuka mmoja, hakawii kuinuka wa pili.

Wahenga wetu walisema mwosha huoshwa. Siku moja tutalazwa juu ya kitanda kile, hatuwezi kunyanyua hata kidole, na haja yetu itakuwa mikononi mwa aliyekubali kuingia. Tuwe miongoni mwa watu hao kabla hatujawahitaji.

Ewe Mola wetu, tukunjulie vifua vyetu, utufanyie jepesi lililo zito kwetu, na utupe katika ahali zetu wa kutusaidia. Amin.