Tani 56 Tumekubaliana, Kivuko cha Shule Bado

Lori lililopakia kontena bandarini Dar es Salaam kwenda Kigali huulizwa uzito kabla ya kuulizwa jambo lingine lolote. Hupanda mizani ya Vigwaza likiwa bado Mkoa wa Pwani, hupanda tena mizani nyingine mbele ya safari, na likizidisha hulipa faini. Kikomo ni tani 56 kwa jumla. Kipo katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari, sheria ambayo haikupatikana kirahisi. Kila nchi ilikuwa na tani zake, wasafirishaji walilalamika kwamba biashara itakufa, na utekelezaji ulisuasua kwa miaka. Hata hivyo walikubaliana, na dereva wa leo anajua kikomo chake kabla hajawasha gari.

Sheria ile ilitungwa ili kuilinda lami. Ekseli iliyozidishiwa mzigo huila barabara haraka kuliko magari madogo maelfu, na barabara ni mali ghali. Sina ugomvi na hilo. Ninachokihoji ni ile hoja tunayopewa kila mara kwamba usalama wa watu barabarani ni jambo la ndani la kila nchi. Lori ni lilelile, na barabara ni ileile inayopita katikati ya vituo vya biashara kutoka pwani hadi maziwa makuu. Mama anayevuka na ndoo ya mahindi ya kuchoma pale Nyakanazi anagongwa na gari lililopimwa na kupewa stakabadhi safi kabisa.

Ajali ikitokea, taarifa hutaja mwendokasi na uzembe wa dereva. Mara nyingi ni kweli, ila ukweli huo hautufikishi mbali. Madereva ni binadamu, wanachoka na kukosea, na adhabu haikumbukwi pale ambapo hakuna wa kuitoa. Dereva hupunguza mwendo anapojua mbele kuna trafiki mwenye tochi, tena wenzake wanaokuja humpigia taa kumtahadharisha. Akishapita hapo, mguu unarudi palepale. Kinachombana saa zote 24, trafiki awepo asiwepo, ni umbo la barabara yenyewe.

Tuchukue hesabu ndogo. Dereva akimwona mtoto mbele yake, huhitaji takriban sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga breki. Gari dogo la kilomita 30 kwa saa, kwenye lami kavu, litakuwa limetembea mita 8 katika sekunde hiyo, kisha litatumia mita 5 kusimama. Jumla ni mita 13. Gari la kilomita 50 litakuwa limekwenda karibu mita 14 ndipo breki zianze kushika. Maana yake, mtoto akiwa mita 13 mbele, gari la kwanza linasimama likiwa limemkaribia sana, na la pili linamgonga kwa kilomita 50 kamili, bila kupunguza hata kidogo. Lori lenye mzigo ni baya zaidi. Ndiyo sababu Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka kikomo kiwe kilomita 30 mahali ambapo watembea kwa miguu na magari wanachangia njia. Katika vituo vyetu vingi vya biashara kandokando ya barabara kuu, bango la 50 ndilo tunalolihesabu kuwa ulinzi.

Vituo hivyo vimeota kando ya lami kwa sababu wateja wako hapo. Basi linasimama, mama lishe anauza, bodaboda wanasubiri chini ya mti, malori yanaegeshwa bega kwa bega, na shule ya msingi iko ng'ambo ya pili. Mhandisi aliyechora barabara alichora njia mbili pana za magari na mabega yake. Soko halikuwemo kwenye mchoro wake, ingawa lilikuwepo kabla ya yeye kufika. Juni 30, 2023, kwenye makutano ya Londiani katika kaunti ya Kericho, lori liliacha njia likaingia kwa wachuuzi, bodaboda na abiria waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Baada ya hapo viongozi walihimiza wachuuzi waondolewe kando ya barabara kuu. Wachuuzi huondoka wiki moja, ya pili wakarudi, kwa kuwa mabasi hayajahamishwa na tumbo halina likizo. Ukitaka soko lihame, hamisha kwanza kituo cha basi, ukitenge na barabara kuu, na biashara itakifuata yenyewe.

Dawa zinajulikana, na nyingi si ghali. Kabla ya nyumba za kwanza unaweka rasta, yale matuta madogo ya mfululizo, na mabango, ili dereva ajue kwamba anaingia mahali pa watu. Kisha unaipunguza njia ya magari, kwa sababu barabara pana humwambia dereva akimbie hata bango likimkataza. Katikati unajenga kisiwa, ili anayevuka aangalie upande mmoja, afike kisiwani, apumue, ndipo aangalie upande wa pili. Bibi mwenye goti bovu anakielewa kisiwa hicho kuliko mhandisi yeyote. Pembeni unajenga njia ya miguu na kuisimikia nguzo za zege, maana bila nguzo itakuwa ya bodaboda kabla rangi haijakauka. Na penye kivuko unanyanyua barabara yenyewe, tuta lenye mgongo bapa ambalo pundamilia imechorwa juu yake, ili gari ndilo lipande kwenda kwa mtu.

Tuta lenyewe limeharibiwa jina na matuta mabaya. Lile linalomwagwa usiku mmoja baada ya ajali kwa hasira za wananchi, lisilo na rangi wala bango, likiwa kali kama ukingo wa meza, huvunja springi na kusababisha ajali nyingine gari la nyuma linapomvaa aliyefunga breki ghafla. Ila kwa wanyama tunajua kuyaweka kwa mpango. Barabara ya Tanzania kwenda Zambia hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na humo kuna matuta, pamoja na mabango yanayotaja faini ya kumgonga kila aina ya mnyama. Twiga ana bei yake bangoni. Sijaona bango la namna hiyo nje ya shule.

Asemaye mambo haya ni ya Ulaya aende Dar es Salaam. Shirika la Amend lilianza na shule za msingi ambako watoto wengi walikuwa wakigongwa. Wataalamu wake walitembea na watoto njia wanazopita, wakajenga njia za miguu, matuta, vivuko na nguzo, na kuna mahali walihamisha hata geti la shule kulitoa kwenye barabara yenye magari mengi. Utafiti uliolinganisha shule zilizofanyiwa kazi hiyo na ambazo hazijafanyiwa ulionyesha majeruhi walipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kwanza ya miji ya taasisi ya WRI. Kilichobadilishwa zaidi ni barabara, si tabia ya mtoto, ingawa mafunzo darasani yalikuwepo.

Kinyume chake ni barabara ya Thika, Nairobi, iliyozinduliwa 2012 ikiwa na njia nane. Kwa magari ni fahari. Kwa mtembea kwa miguu jibu lilikuwa daraja la juu, na madaraja yenyewe hayakutosha. Daraja la juu linamtaka mwenye miguu apande, azunguke na ashuke ili mwenye injini asiguse breki. Watu hupiga hesabu ya jasho na giza, wengi wao wakaruka ukuta wa katikati, na sisi tukawaita wakaidi.

Ushirikiano wa kanda unaingia wapi hapo? Kwanza kwenye kuhesabu. Kwa mwaka 2016 Kenya iliripoti vifo 2,965 vya barabarani, Tanzania 3,256. Shirika la Afya Duniani, kwa mbinu zake za kukadiria, lilipata zaidi ya 13,000 na zaidi ya 16,000. Sehemu ya pengo hilo ni faili la polisi linalofungwa siku ya ajali, wakati majeruhi anafia wodini wiki ya pili. Kipimo cha kimataifa ni siku 30. Umoja wa Afrika ulipitisha Mkataba wa Usalama Barabarani mwaka 2016, na mwaka 2018 nchi za bara hili zikaanzisha chombo cha pamoja cha takwimu. Bila hesabu ya namna moja, hatuwezi kujua kama kivuko cha Uganda kinafanya kazi vizuri kuliko cha Kenya, na kila nchi itaendelea kujifunza kwa misiba yake yenyewe.

Pili ni lugha ya barabara. Katika nchi nane za Jumuiya, Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto, na tano zilizobaki kulia. Darajani Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, karatasi hugongwa mihuri chini ya paa moja, kisha magari hubadilishana upande. Dereva wa lori la Tanzania akiwa Rwanda anakaa upande wa nje ya barabara, na akitaka kumpita mwenzake kwenye kona za milima ile haoni kinachokuja mpaka kichwa cha gari kiwe kimejitokeza. Kuhamisha nchi nzima kwenda upande mmoja ni mjadala wa kupoteza muda. Njia za kupishania kwenye miinuko, na vioo vya ziada kwa malori ya masafa, vinawezekana bajeti ijayo.

La tatu ndilo ninalolipa uzito zaidi: kiwango kimoja cha kituo cha biashara kwa barabara zote kuu za kanda. Vipimo vya kupimia tunavyo. Mfumo wa iRAP huipa barabara nyota 1 hadi 5, tena kwa kila mtumiaji peke yake, hivyo barabara ileile inaweza kuwa na nyota 4 kwa gari na 1 kwa mwenye miguu. Jumuiya ingeweza kuandika, kama ilivyoandika tani, kwamba barabara ya kimataifa haipiti kwenye makazi ikiwa chini ya nyota 3 kwa mtembea kwa miguu, na wakopeshaji wakadai hilo kabla ya kusaini. Kwa sasa njia za miguu na vivuko hukaa mwishoni mwa orodha ya gharama, na mradi ukizidi bajeti ndivyo vinavyokatwa mwanzo. Mkandarasi hana ruhusa ya kupunguza unene wa lami kwa sababu hela zimeisha. Kukiondoa kivuko cha shule, inatosha barua moja ya ofisini.