Kabla ya kununua trekta kubwa, pima zana zake

MTAA wa Majengo, katika kisiwa cha Mombasa, hauna nafasi ya kupanda hata tuta moja la mchicha. Nyumba zimekaribiana ukuta kwa ukuta, na vimo vichochoro ambamo mkokoteni hupita kwa kuombewa njia. Hata hivyo, ukiketi barazani jioni usishangae kuwasikia wazee wakibishana kuhusu plau, haro na bei ya dizeli. Jamaa nyingi za kisiwani zina mashamba ng'ambo ya maji, Kwale na Kilifi, waliyoachiwa na wazazi wao: minazi, mikorosho, na katikati yake mahindi, kunde na muhogo.

Hebu tuchukue mfano wa ndugu watatu wa mtaa huo walio na ekari 15 upande wa Kwale. Wana trekta dogo la nguvu za farasi 22 na rotaveta yake. Kila masika yanapokaribia, kazi huwazidi. Mvua hunyesha nusu ya shamba ikiwa bado haijaguswa. Sasa wameamua kuchukua mkopo katika chama chao cha akiba na kununua trekta la nguvu za farasi 45. Zile zana za zamani, wanasema, zitatumika vivyo hivyo ili kupunguza gharama.

Hapo ndipo penye tatizo. Mkopo utaanza kulipwa mwezi ujao, mvua ije isije, na trekta lisilokuwa na zana zinazolifaa halitaongeza hata dakika moja ya kazi.

Hesabu yake ni nyepesi. Rotaveta ya trekta dogo huwa na upana wa futi nne hivi, yaani mita 1.2. Ikienda kwa mwendo wa kilomita tatu kwa saa, na tukiondoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya kugeuza na kusimama, ekari moja itachukua takriban saa moja na dakika 25. Ifunge rotaveta hiyo hiyo nyuma ya trekta kubwa na muda utabaki pale pale. Visu vyake huzunguka kwa kasi ile ile, na ukiharakisha mwendo utaacha mabonge ya udongo ambayo hayakukatwa. Ukipata rotaveta ya mita 1.6, ekari hiyo itakwisha kwa saa moja na dakika chache. Katika ekari 15, tofauti ni zaidi ya saa tano. Katika msimu wa mvua, saa tano ni siku nzima.

Tena kuna jambo la matairi. Trekta kubwa lina upana mkubwa zaidi kutoka tairi hadi tairi. Zana ikiwa nyembamba kuliko upana huo, tairi moja au yote mawili yatakanyaga udongo ambao hautalimwa, au yatagandamiza ule uliokwisha kulimwa. Mkulima ataona mistari migumu shambani na kulaumu mbegu. Kanuni ni kwamba zana ya kulainisha udongo sharti ifunike nyayo za matairi.

Kuhusu nguvu, wanunuzi wengi husoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa injini na kuridhika. Namba hiyo si ile inayofika kwenye zana. Nyuma ya trekta kuna shafti fupi ambayo mafundi huiita PTO, na ndiyo inayozungusha rotaveta, mashine ya kukatia nyasi au pampu. Mpaka nguvu ifike hapo, sehemu ya kumi au zaidi huwa imepotelea njiani. Trekta la 45 hutoa kama 38 tu. Rotaveta huhitaji nguvu za farasi tano hivi kwa kila futi katika udongo wa kawaida, na zaidi katika mfinyanzi. Kwa hiyo katika ardhi ya kichanga ya karibu na bahari, trekta hilo litaimudu ile ya mita 1.6 bila jasho; ukipanda kwenye udongo mzito wa bara ya Kwale, heri kubaki na futi tano.

Plau ya sahani nayo ina kipimo chake. Kwa kawaida kila sahani huhesabiwa nguvu za farasi 15 hadi 20. Trekta la 45 litavuta sahani mbili vizuri. Sahani tatu litazivuta kwenye mchanga, lakini kwenye mfinyanzi mkavu matairi yatateleza papo hapo, na dizeli itakwisha bila mtaro kwenda mbele.

Afrika Mashariki ililipa ada kubwa kujifunza somo hilo. Mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga huko Tanganyika, ikianzia Kongwa, kwa azma ya kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta yaliletwa kutoka maghala ya mabaki ya vita, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa mashine za shambani. Nguvu ilikuwapo tele. Lakini mizizi ya vichaka ilivunja zana, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, na spea hazikupatikana. Mradi ulifungwa mwaka wa 1951 baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Sisemi kwamba ndugu zetu wa Majengo watapoteza mamilioni ya pauni, ila kosa ni la ukoo mmoja.

Sasa tuje kwenye kuunganisha. Mfumo wa mikono miwili ya chini na mmoja wa juu, unaobeba zana nyuma ya trekta, ulienezwa na Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, ambaye mwaka wa 1936 aliuingiza sokoni katika trekta lililotengenezwa kwa ushirikiano na David Brown. Mfumo huo sasa una madaraja. Daraja la kwanza lina pini za chini zenye unene wa milimita 22. La pili lina pini za milimita 28, na mikono yake imeachana zaidi. Trekta la nguvu za farasi 45 huwa mpakani: mengine ni ya daraja la kwanza, mengine la pili. Beba rula unapokwenda kulikagua. Pini nyembamba katika tundu pana hurekebishwa kwa bushi ya bei nafuu, lakini pini nene haina dawa ya aina hiyo.

Shafti inayounganisha PTO na zana ndiyo huvunja mioyo. Ikiwa ndefu mno, siku ya kwanza utakapoinua zana itabana na kupasua nyumba ya gia. Ikiwa fupi, mirija yake itachomoka ikizunguka. Mirija hiyo iingiliane angalau theluthi moja, na kifuniko chake cha plastiki kisitolewe kamwe. Kanzu au leso ikinaswa hapo, hakuna muda wa kuzima injini.

Rotaveta nyingi hulindwa na boliti laini inayokusudiwa kukatika pindi kisu kinapogonga jiwe. Wapo mafundi ambao, wakichoka kuibadilisha, hutia boliti ngumu. Trekta likiwa dogo, injini huzimika na madhara ni kidogo. Likiwa kubwa haliheshimu jiwe wala boliti. Kinachovunjika ni gia. Kwa sababu hiyo zana ya trekta dogo iko hatarini zaidi nyuma ya trekta kubwa kuliko mahali pengine popote.

Wanaopendelea matrekta yaliyotumika Japani wachunguze jambo moja zaidi. Mengi yana kasi kadhaa za PTO, ilhali zana zinazouzwa kwetu hutarajia mizunguko 540 kwa dakika. Maandishi ya Kijapani kwenye kidude cha gia yasomwe na anayeyajua, si kubahatishwa.

Uzito pia una neno. Zana nzito ikiinuliwa nyuma, pua ya trekta huwa nyepesi. Angalau sehemu moja ya tano ya uzito wote ibaki kwenye magurudumu ya mbele, la sivyo usukani hautatii. Na anayepakia trela nazi na kuteremka vilima vya Shimba akumbuke kwamba trela lisilo na breki huisukuma trekta, hata liwe kubwa namna gani.

Pia wasisahau mikorosho. Matawi yake huinama chini, na trekta dogo lilipita pale ambapo kubwa litakwama. Nguzo ya kumlinda dereva trekta linapopinduka hukunjwa ili kupita chini ya matawi, kisha husahauliwa hivyo hivyo. Iinuliwe mara tu mti unapopitwa, na mkanda ufungwe ikiwa juu.

Kwa maoni yangu, ndugu hao watatu wasiliuze trekta lao la zamani peke yake. Waliuze pamoja na rotaveta yake, kwa sababu vimekwisha kuzoeana na mnunuzi atatoa bei bora. Fedha hizo zinunue rotaveta ya mita 1.6 au ya futi tano, kulingana na udongo wao. Plau ya sahani mbili inaweza kungoja: hutumika siku chache kwa mwaka, na jirani mwenye nayo ataikodisha. Na kabla ya kulipa, waombe zana iinuliwe mpaka juu, ishushwe mpaka chini, huku mmoja wao akiwa amechutama kando, injini ikiwa imezimwa kila anapopima, akiitazama ile shafti.