Klaviye ndogo ya butoni tisa: sababu gani, na inatengenezwa namna gani



Wengi walituuliza kile chombo kidogo tunachotaka kutengeneza ni cha kazi gani, maana ordinateri iko tayari na klaviye yake. Tunawajibu hapa kwa ufupi.

1. Sababu

Tuangalie Kilingala. Moto ni mtu, motó ni kichwa, mɔ́tɔ ni moto wa kuwaka. Ni maneno matatu, lakini kwenye klaviye ya Kifaransa herufi ɔ haiko, ɛ vilevile haiko. Basi mtu anaandika «moto» fasi zote, na msomaji anabaki kubahatisha. Lugha isiyoandikwa sawasawa inasomwa vibaya, na watoto wanazoea kuwaza kwamba ile ya Wazungu tu ndiyo iko na sheria. Ju ya ile tunataka butoni zetu wenyewe.

2. Vitu vinavyohitajika

– Sahani ndogo ya Pro Micro. Ndani iko na mikrokontroleri ATmega32U4, yenye kilobaiti 32 za kuweka programu.
– Butoni tisa za klaviye.
– Kifundo kimoja cha kuzungusha, kama kile cha kuongeza sauti ya radio, ambacho kinaweza tena kufinywa.
– Waya nyembamba, risasi ya kuchomelea, kipande cha ubao cha kutoboa matundu, na waya wa USB.

3. Kuunganisha

Kila butoni iko na miguu miwili. Mguu mmoja unaenda kwenye fasi yake katika sahani, mguu wa pili unaenda kwenye masi (GND), na butoni zote wanagawana ile masi. Butoni tisa zinaomba fasi 9, kifundo kinaomba 3, jumla 12. Sahani iko nazo 18, basi inatosha. Klaviye kubwa ya butoni 100 haiwezi kufanya vile: inazipanga kwa mistari na safu, na katika klaviye zingine kila butoni inatiliwa diode. Sisi hatuna lazima ya ile gharama.

Wakati butoni haijafinywa, mikrokontroleri inasoma volti 5. Ukiifinya, inasoma sifuri. Lakini vyuma vya ndani vinarukaruka kidogo mbele ya kutulia. Kwa hiyo programu inangojea milisekonde 5 hivi, la sivyo herufi moja inaweza kutoka mara mbili.

4. Kifundo

Si kama kile cha radio ya zamani, kinachofika mwisho na kukataa. Hiki kinazunguka bila mwisho. Ndani mna swichi mbili, A na B, ambazo hazifungi wakati mmoja. Ukizungusha kuume, A inatangulia. Ukizungusha kushoto, B inatangulia. Ni kama kusimama mlangoni na kuangalia nani ameingia wa kwanza: utajua wametoka upande gani. Sisi kitatusaidia kupandisha na kushusha ukurasa. Ukikifinya, butoni zinageuka za herufi kubwa, Ɛ na Ɔ.

5. Programu

Hapa mtege masikio. Klaviye haitumi herufi, inatuma namba ya butoni tu. Ordinateri ndiyo inageuza ile namba kuwa herufi, kufuatana na lugha iliyochaguliwa. Na hakuna namba ya ɔ. Basi tunapita njia ingine. Kila herufi ya dunia iko na namba yake katika Unicode: ɛ ni 025B, ɔ ni 0254, alama ya sauti ya juu ni 0301. Katika programu nyingi za Linux, mtu anafinya Ctrl, Shift na U pamoja, anaachilia, anaandika 254, kiisha nafasi. Herufi inatokea. Chombo chetu kitafanya ile yote peke yake, kwa kufinya mara moja. Tusisahau: kwenye klaviye ya Kifaransa tarakimu zinaomba Shift, basi programu ifinye Shift vilevile.

Programu yenyewe hatuianzishi kwa sifuri. QMK iko, ni ya bure, na kila mtu ana ruhusa ya kuigeuza.

6. Kugawa butoni

Mbili ni za ɛ na ɔ. Tatu ni za alama za sauti: ya kupanda juu, ya kushuka (0302) na ya kuinuka (030C). Alama inafinywa nyuma ya herufi, si mbele. Nne zinazobaki ni za kuhifadhi, kunakili, kubandika na kurudi nyuma.

Wandugu, chombo chenyewe ni kidogo, kinaenea mkononi. Lakini anayekielewa ameelewa vilevile klaviye kubwa. Mwenye mikono isiyotetemeka kwa kuchomelea, na mwenye kujua Kilingala kizuri kwa kutuhakikishia alama, waje watuone kiisha masomo. Hawa wa pili ndio tunawahitaji zaidi.